Neno la Daktari Lililoishia Nyumba Moja

Mume wetu, Bishar Warsame Ogle, alikufa kwa sababu neno la daktari liliishia nyumba moja, naye alikuwa na nyumba mbili. Nasema mimi Timiro, mkewe wa kwanza. Mwanetu Abdijabar anawasomea maneno yangu, ninyi mliokuja kuomboleza.

Marehemu alizaliwa Tarbaj mwaka 1966, akachunga ngamia wa baba yake. Alisoma chuo cha Kurani, na shule ya msingi hadi darasa la nne, ukame ukamtoa.

Mwaka 1988 alikuja Garissa akawa dalali wa mifugo. Madalali na wanunuzi walipatana bei kwa vidole, mikono ikiwa chini ya shuka, mwingine asijue. Alinioa mwaka 1991. Mwaka 2014 alimwoa Kaltun, mwenye simu mbili na maneno ya Nairobi, akamjengea jiko la ndani. Langu mpaka leo liko nje.

Ugonjwa ulianzia sokoni mwaka 2022. Kidole kililegea chini ya shuka, mnunuzi akadhani bei imeshuka, akaondoka na fahali. Kisha kope ya jicho la kushoto ikaanguka. Wenzake wa sokoni walipokuja nyumbani kumjulia hali wakamtania, "Bishar, unamkonyezea nani?"

Kaltun akajibu, "Mimi." Sikucheka.

Daktari wa Nairobi alimpa vidonge vya kuipa misuli nguvu. Safari za hospitali zilikuwa za Kaltun. Mwezi wa Rajab uliopita, marehemu akiwa amelazwa kwenye mashine ya kupima moyo, daktari alimwita Kaltun kando: dawa inapunguza mapigo ya moyo, sasa apewe nusu. Kaltun akawa anakata vidonge kwake, hakumweleza mtu. Marehemu akadhani anabaniwa dawa. Zamu ya kulala kwangu ikifika, alimeza kidonge kizima, kope ikainuka. Nami nikafurahi kwamba nguvu anazipata kwangu.

Ijumaa tarehe 13 Februari 2026, akitia udhu wa alfajiri nyumbani kwangu, alianguka. Mshipa wa mkono ulipiga polepole, polepole, ukanyamaza.

Kaltun alifika mlangoni analia. "Abaayo, dada yangu, daktari alisema nusu."

"Umejua tangu lini?"

"Rajab. Nilitaka nimtunze mimi."

Ameacha wajane wawili na watoto saba, watano wangu, wawili wa Kaltun. Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake.

Eda tumeianza siku moja. Sokoni wanasema alikufa mkononi mwangu, kana kwamba nilimuua mimi. Kaltun anadaiwa maneno yale yale aliyoniambia mlangoni: ayaseme tena, kwa sauti, mbele yenu.