Marehemu Mwalimu Philipo Njiku na Hoja ya Mavuno

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa mazishini na binti yake mkubwa, Cecilia. Sepuka, 11 Machi 1981.

Mwalimu Philipo Njiku alizaliwa hapa Sepuka mwaka 1925, msimu wa kupanda uwele. Tarehe hakuna aliyeiandika. Alijichagulia mwenyewe 3 Desemba siku alipotakiwa kujaza fomu. Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1947, akafundisha miaka kumi na minane.

Tarehe 14 Julai 1951 alifunga ndoa na mama yetu, Marietha. Msimamizi wa ndoa alikuwa Leonidas Hango, mwalimu mwenzake, aliyekula kwetu kama mtu wa nyumbani.

Mwaka 1965 baba na Leonidas walichaguliwa kuwa wabunge wa majimbo jirani. Baba akirudi kutoka Dar es Salaam alituletea taratibu za Bunge badala ya biskuti. Ukitaka kuku achinjwe, ulisimama ukasema, "Naomba kutoa hoja." Asipopatikana wa kusema "Naafiki," hoja imekufa, hata kama wote mna njaa. Mdogo wangu Gabrieli aliwahi kulia kwa kwikwi kwa sababu hakuna aliyemwafiki juu ya jogoo wa mama.

Mwanzoni mwa 1974 ilijulikana kwamba tungehamishiwa kijiji kipya mwezi Mei, uwele ukiwa bado shambani. Baba hakupinga vijiji vya ujamaa. Aliviamini kwa moyo wote. Aliomba jambo moja tu, watu wavune kwanza. Alipeleka taarifa ya hoja, ikaingia kwenye orodha ya shughuli za siku. Alihitajika mbunge mmoja tu wa kuiafiki ili ijadiliwe. Leonidas, akinawa mikono mezani kwetu, alisema, "Shemeji Marietha, ondoa wasiwasi. Mimi nitasimama."

Tarehe 24 Aprili baba alitoa hoja yake. Spika aliuliza kama yupo anayeafiki. Leonidas alikuwa kiti cha pili kutoka kwake, akipekua karatasi. Spika aliuliza tena, kisha akaita shughuli inayofuata. Bunge letu ni moja tu. Hoja ikianguka pale, hakuna baraza jingine la kuipeleka.

Mei malori yalikuja. Uwele tuliuacha umesimama, ukaliwa na kwelea.

Redio ilitangaza yaliyojadiliwa tu, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna aliyesikia kwamba baba alisema lolote. "Tulimtuma akaenda kunyamaza," mlisema kisimani, na mimi nilikuwepo na ndoo yangu. Mlisema ametuuza. Vijana aliowafundisha kuandika majina yao walimpita njiani bila shikamoo. Mwaka 1975 jina lake halikurudi kutoka kwenye vikao vya uteuzi vya chama. La Leonidas lilirudi. Baba hakujitetea, maana angejitetea ingebidi amtaje rafiki yake. Hilo lilinikasirisha, na linanikasirisha hadi leo.

Aliugua kisukari tangu 1977, akakatwa mguu mwaka jana. Tarehe 20 Februari mwaka huu Leonidas alikuja hospitali. Nilikuwa namlisha baba uji.

"Philipo, niliogopa," alisema. "Niliona nikisimama, jina langu halitarudi."

"Mimi sina neno na wewe," baba alijibu. "Kawaambie watu wa Sepuka."

"Jumapili, baada ya misa, nitawaambia."

Jumapili hiyo baba aliniuliza mara nne kama gari la Leonidas limepita kwenda Sepuka. Halikupita, wala Jumapili iliyofuata. Alifariki tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, akiwa bado katika midomo yenu mtu aliyewauza. Leo pia Leonidas ametuma salamu kwamba gari lake ni bovu. Basi nimesema mimi. Baba hakumuuza mtu. Hoja yake imo katika kumbukumbu za Bunge za siku ile, na nakala ninayo hapa.

Ameacha mjane, Marietha. Watoto, mimi Cecilia, Gabrieli, Sara na Stefano. Na wajukuu tisa. Orodha hii aliisema mwenyewe hospitalini, nikaiandika, na mwishoni aliniambia niongeze jina moja. Nilikataa, akanishika mkono mpaka nikaahidi. Ameacha pia Leonidas Hango, rafiki yake wa miaka thelathini na minne.

Nimelisoma kwa kuwa niliahidi. Mwalimu apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki bado hatujaipata.