Sura ya Mwisho ya Elena

Benchi letu limeupa mgongo mji wa Milanovac na kuukodolea macho mto Danubi, pale pale meli za watalii zinapofunga kamba. Dirisha langu la kahawa liko nyuma yake, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale hupita kwanza masikioni mwangu kabla haujafika mjini. Wa kila siku ni watatu. Dragutin tunamwita Nahodha. Ujana wake wote aliumaliza melini akimenya viazi, na usukani aliuona kwenye picha. Svetozar ni Wakili, kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi aliyeibwa, na moyoni hajatoka huko mpaka leo. Wa tatu ni Radisav. Zamani tulimwita Kicheko, sasa hakuna mwenye ujasiri wa kumwita hivyo. Binti yake, Jagoda, alikuwa akitandika vitanda kwenye meli za watalii, na vuli ya mwaka juzi alipotea kati ya hapa na bwawa la umeme, kule mto unakoshukia. Viatu vyake vilikutwa sitahani. Mwenyewe hakuonekana, si mzima si maiti. Tangu hapo kila meli ikipiga honi Radisav huinuka, huenda ukingoni, huwatazama nyuso wasichana wanaoshusha mizigo, kisha hurudi kukaa.

Mwezi huu wote walikuwa wakisoma riwaya. Mama mmoja mtalii kutoka Belgrade aliiacha dirishani kwangu: mapenzi na hofu ndani ya meli ya mtoni, na jalada lenye mwanamke wa gauni jekundu ambaye ukimtazama tu unajua hawezi kutandika hata shuka. Ndani yumo Elena, msichana wa vyumbani, anayependana na msaidizi wa nahodha mwenye macho ya kijani. Halafu anapotea, viatu vikabaki sitahani. Ningejua mapema ningeiwashia moto. Lakini Radisav alisikia neno viatu, na toka siku hiyo hakutaka wasome kitu kingine. Wakili ndiye msomaji wao. Ijumaa hii, kesho yake ikiwa Jumamosi ya wafu, siku ya kuwawashia marehemu mishumaa kanisani, ilikuwa imebaki sura moja tu.

Niliwapelekea kahawa na viglasi vyao vya rakija, pombe yetu kali ya matunda. Nahodha akamwaga tone chini kwa ajili ya marehemu mkewe, maana kwetu mzima hanywi kabla wafu hawajapata chao. Wakili akamwaga lake. Radisav hakukigusa kiglasi. Tangu Jagoda apotee hunywa kahawa tu, rakija hunirudishia kama ilivyo. Niliwahi kumuuliza, akanijibu, "Desa, nikimmwagia mama yangu, hilo tone litajuaje kuwa ni la mama yangu peke yake?" Sikumuuliza tena.

Radisav: Haya, Wakili. Soma tumalize.

Wakili: Miwani nimeisahau, ndugu yangu.

Nahodha: Na hiyo iliyokaa kichwani ni nini, taji?

Wakili: Hii ya kuonea mbali.

Radisav: Jana ulisomea hiyo hiyo.

Wakili: Jana kulikuwa na jua, Rade.

Uongo mtupu. Asubuhi alipokuja dirishani kwangu alikwishaisoma ile sura peke yake. "Desa," alininong'oneza, "wanamkuta kwenye wavu wa chuma wa bwawa," akajifuta macho kwa kofia. Nami nikamwambia Nahodha, ili asije akaropoka. Kumbe nilimpa mbuzi kazi ya kulinda kabichi.

Nahodha: Sikilizeni, ya nini kusoma? Mambo ya melini niulizeni mimi. Elena hakuanguka majini.

Wakili: Enhe. Mheshimiwa wa viazi, tueleze.

Nahodha: Meli zikijaa gatini hufungwaje? Ubavu kwa ubavu, si ndiyo? Basi. Huku yake inashuka mto, kando yake ipo inayopanda. Kavua viatu asisikike, karuka sitaha kwa sitaha, huyo! Kesho yake yuko Budapesti. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wakili: Jembe linaingiaje hapo?

Nahodha: Ilikuwa siku ya tatu ya safari!

Wakili: Wewe bwana, acha zako. Anafika Budapesti bila viatu? Huyo kachukuliwa na tajiri. Yule mzee wa chumba namba saba, aliyempa pete. Wamebadilisha jina, wako Viyena, anaishi ghorofani, ana mtu wa kumtandikia yeye. Ndiyo maana haandiki. Mficha uchi hazai.

Mimi, dirishani: Wakili! Lugha!

Wakili: Methali hiyo, dada Desa, siyo mimi.

Radisav: Asiandike hata kwa mama yake?

Wakili alikunywa kahawa ambayo haikuwemo kikombeni. Nahodha akaingia kumwokoa.

Nahodha: Ataandikaje na kumbukumbu hana? Hii nimeiona kwa macho yangu. Mtu akigonga kichwa kwenye chuma cha meli anasahau mpaka jina. Mkondo umemtupa upande wa Romania, masista wa monasteri wamemwokota, wamemvisha nguo nyeusi, anafuga nyuki. Na wala hakuumia, maana maji ukiyavulia nguo...

Akajishika mdomo mwenyewe. Sikuhitaji hata kumrushia kitambaa.

Radisav: Endelea.

Nahodha: Nimesahau ilikokuwa ikienda.

Radisav: Anafuga nyuki.

Nahodha: Eeh. Anafuga nyuki. Si unajua Jagoda alivyokuwa akipenda asali...

Hapo ndipo kikombe cha Wakili kilipogonga kisahani. Mwezi mzima tulikuwa tumeling'ang'ania jina la Elena kama watu wanaovuka daraja bovu, na Nahodha kalivunja kwa asali. Radisav hakukasirika. Alimsogelea tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Wakili aliona lazima aseme kitu kikubwa cha kufunika lile jina. Akasimama, akashika ukosi wa koti kama yuko mahakamani.

Wakili: Nyote mmepotea. Swali ni hili: nani kaiandika riwaya? Nani mwingine anajua funguo za vyumba hutundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia? Nani anajua mashuka ya meli yananuka dizeli hata yakifuliwa? Ni yeye! Yuko salama mahali, anaandika vitabu kwa jina la bandia!

Nahodha: Nyuma kuna picha ya mwandishi. Bibi wa miaka sabini na paka.

Wakili: Picha za vitabu ni za uongo, hilo hata mtoto anajua. Paka wa kuazima.

Tungecheka. Siku nyingine tungecheka mpaka meli zikageuka. Lakini Radisav alikuwa amekichukua kitabu, anaitazama ile picha ya bibi, anaisogeza karibu, anaisogeza mbali.

Radisav: Shuleni insha zake zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa.

Wakili alikaa taratibu. Nilitamani kutoka niwachape wote wawili kwa mwiko, kisha niwakumbatie, maana walimpenda, na upendo wao ulikuwa unamla mzima mzima.

Wakati huo akaja Milunka kununua kahawa. Ni mama mgeni, ameletwa wiki hii kuuza mishumaa kanisani, anatoka vijiji vya milimani, habari zetu hazijui. Alipomwona Radisav uso ukamchangamka.

Milunka: Ah, baba, kumbe unakaa hapa! Juzi ulinunua mshumaa ukauwasha, ukasimama nao mkononi mpaka nta ikakuchoma vidole. Kesho watu watajaa, nataka nikushikie nafasi. Wako ni wa juu kwa walio hai, au wa chini mchangani kwa marehemu?

Wakili, mwenye methali ya kila kitu, alikuwa akitazama mikono yake.

Radisav: Katikati hakuna?

Milunka: Hakuna, baba. Sijaona kanisa lenye katikati.

Nikatikisa birika. Lilikuwa tupu, na nikashukuru kuwa na kitu cha kugeukia. Nyuma yangu meli ikapiga honi kwenye kona ya mto. Nilisubiri kusikia benchi likilia anavyoinuka. Lililia kidogo, kisha likatulia. Alikuwa amerudi kukaa.

Radisav: Wanamkuta, sivyo, Sveto?

Wakili aliivua miwani, akaikunja.

Radisav alikirudisha kitabu mapajani kwa rafiki yake, akachukua kiglasi cha rakija. Akamwaga tone, "La mama." Akamwaga jingine, "La baba." Rakija ikamlowesha mkono wa shati. Milunka, aliyekuwa bado hajaelewa, alimshika kiwiko asije akaangusha. Radisav akakiinamisha kiglasi tena, mpaka kikaisha chote.

"La Jagoda," akasema.

Meli ikafunga kamba. Wasichana wakaanza kushusha mizigo, na siku ile hakuna aliyekwenda kuwatazama nyuso.