Micah Kiprugut na Mafuta ya Kufika Naivasha

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo, Nakuru mjini, Njoro, Molo na Subukia. Leo tunamkumbuka Micah Kiprugut wa mtaa wa Bondeni, aliyefariki mwaka jana, 1955, katika ndege ya dawa ya nzige. Nitajaribu kusema polepole. Hasira bado haijanitoka.

Micah alizaliwa Rongai. Redio ya mawasiliano alijifunzia jeshini, wakati wa vita. Aliporudi, akaajiriwa na kampuni moja ya ndege hapa Nakuru. Hakuwa rubani. Alikaa kando ya rubani, Kapteni Lowther, na kazi waligawana. Kapteni alishika usukani. Micah alisoma ramani, akazungumza kwenye redio, akaangalia mafuta. Kapteni mwenyewe aliniambia, "Mimi nina mikono miwili tu. Mawinguni, bila Micah, ningechanganyikiwa."

Na kabla ya kila safari, wawili hao waliulizana: Nakuru ikifungwa na mawingu, tutashuka wapi? Jibu lilikuwa Naivasha. Kwa hiyo walibeba mafuta ya kufika Naivasha. Narudia, wasikilizaji: mafuta ya kufika Naivasha.

Siku ile ya Aprili, nzige walikuwa wamevamia mashamba upande wa Rumuruti. Meneja wa kampuni akataka pipa moja zaidi la dawa lipakiwe. Ndege ingelemewa. Akaamuru mafuta yapunguzwe.

"Bwana, haya ni ya kwenda na kurudi tu," Micah akasema. "Mvua ikitukuta je?"

"Mtarudi kabla ya mvua."

"Na ikitutangulia?"

"Kama unaogopa, baki. Lowther ataenda peke yake."

Kapteni naye alipinga. Akaambiwa atafute kazi kwingine. Micah alijua vile rubani anavyohangaika akiwa peke yake ndani ya mawingu. Hakumwacha. Akapanda.

Dawa waliifikisha. Wakirudi, walikuta mvua imefunika Nakuru kote, kutoka mlima Menengai mpaka ziwani. Redio iliwaambia Naivasha ni kweupe. Kweupe, wasikilizaji! Lakini mafuta ya kufika huko yalikuwa yamebaki Nakuru. Wakazunguka juu ya mawingu, tangi likizidi kukauka, mpaka Micah akaona upenyo juu ya Kabazi, na chini yake shamba la ngano.

"Kushoto, Kapteni. Kuna shamba. Shikilia hivyo hivyo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Injini ilizimika kabla hawajalifikia shamba. Upande wa Micah ndio uliogonga miti. Kapteni alivunjika miguu yote miwili, akapona.

Kampuni ikasema ni mapenzi ya Mungu. Meneja akaja Bondeni na shada la maua. Mke wa Micah, Zeddy Chepkemboi, akamkabili mlangoni, waombolezaji wote wakisikia.

"Usimsingizie Mungu," Zeddy alimwambia. "Mungu hakupunguza mafuta. Ni wewe."

Akamrudishia maua yake. Meneja huyo yuko kazini mpaka leo.

Mama Zeddy, watoto, na jamaa wote wa Rongai, poleni sana. Micah apumzike kwa amani. Sisi tusipumzike. Wewe unayemtuma mwenzako kazini kesho asubuhi, jiulize kabla hajaondoka: mambo yakiharibika, huyu atarudi nyumbani vipi? Kama huna jibu, usimtume.