Nyusi, Aliyeuchekesha Ukumbi Asiousikia

Jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani, aliwahi kutangaza mtaa mzima kwamba marehemu hakuwa kiziwi. "Anasikia vizuri tu," alisema. "Mimi nimeangusha pasi hapa, yeye huko kwake akageuka. Kiziwi gani anageuka? Yule anaringa, hataki kusalimiana na watu." Maneno yakaenda, yakanenepa njiani, na yalipofika kwenye bomba la maji yakawa kwamba marehemu anawasikiliza wote na siku moja atawaigiza jukwaani. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli. Kusikia hakusikia, pasi ile aliipata kwa nyayo, maana vyumba vile viwili vina sakafu moja ya mbao. Ila kuwaigiza, aliwaigiza. Fundi yupo nasi hapa leo, na anamjua vizuri yule mwanamke wa jukwaani aliyehangaika kutafuta sindano huku ameibana mdomoni.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Nyusi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate la baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Alizaliwa akisikia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alianza kuongea mapema kuliko ndugu zake, na akishaanza, wateja walisahau walichofuata. Akiwa na miaka mitano alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, wakashukuru. Asubuhi moja mama yake akamwita akiwa amempa mgongo, mtoto akaendelea kuchezea vifungo vya gauni lake asigeuke. Akaitwa tena. Mama akadhani ni deko la mtoto aliyetoka kuugua, akamfinya sikio. Ndipo alipogeuka, na kwa jinsi alivyomtazama mdomo, mama akakaa chini palepale kwenye gunia la unga.

Nyumba ile ilikuwa ya maneno. Baba alikuwa na vichekesho vyake, kaka mkubwa alikuwa na ubishi wake, na mezani wote walisema kwa pamoja. Marehemu alikaa katikati yao akihamisha macho kutoka mdomo hadi mdomo, na kila alipoufikia, ulikuwa umeshanyamaza. Wakiangua kicheko, alimvuta dada yake mkono: nini? Dada naye, angali anacheka, alimwonyesha kwa kiganja: ngoja, nitakuambia baadaye. Baadaye ikafika, dada amesahau, au amekumbuka na kuona si kitu cha kuchekesha tena. Marehemu alisema ndiyo maana alijifunza sura za watu. Hakupata maneno yao, akachukua nyuso. Siku moja alisimama mezani akamwigiza baba yake anavyotafuta miwani iliyo kichwani mwake mwenyewe, na baba akacheka mpaka akakohoa. Kwa muda ule mfupi, alisema, wote walikuwa wanamwangalia yeye, na yeye alijua kinachochekwa.

Mwaka 1965 alianza shule ya jirani na nyumbani. Mwalimu aliuliza maswali huku akiandika ubaoni, uso kwenye ubao, na asiyejibu alichapwa. Akarudia darasa la kwanza hadi mdogo wake wa kiume akamkuta humo humo. Kaka huyo, ambaye leo ndiye msemaji wa familia, alikaa naye dawati moja, na mwalimu akimtaja dada yake, yeye alimpiga teke la mguu chini kwa chini. Mwaka mzima marehemu alikuwa na alama za bluu kwenye muundi, na hakuchapwa tena.

Mwaka 1969 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Darasani huko mikono ilikatazwa. Walitakiwa kukaa wameikunja na kujifunza kutoa sauti. Lakini mlango wa bweni ukifungwa, mikono yote ilifunguka. Jioni ya kwanza, msichana wa kitanda cha pili alimuuliza kwa ishara, taratibu kama anavyoulizwa mgeni: "Wewe nani?" Kisha akangoja jibu. Marehemu alisema alisahau mengi ya shule, ila hakusahau kule kungojwa. Msichana huyo ndiye aliyempa jina: kidole kupitishwa juu ya jicho, kwa sababu nyusi zake zilikuwa hazitulii. Likizo alirudi nyumbani amejaa habari za mwaka mzima, na nyumba nzima haikuwa na wa kuzipokea. Alizisimulia mbele ya kioo cha kabati, mlango umefungwa. Mama yake alichungulia, akarudi jikoni.

Alimaliza shule mwaka 1975, na mwaka uliofuata akapata kazi katika kiwanda cha kushona sare. Mashine za humo zilipiga kelele kiasi kwamba kila mtu alikuwa kiziwi kuanzia asubuhi hadi jioni, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uzoefu. Wenzake walimfuata awaonyeshe namna ya kusema "leta uzi" na "msimamizi anakuja" bila sauti. Muda wa chakula aliwaigizia msimamizi huyohuyo, anavyopanda ngazi ameshika suruali. Mkuu wa kikundi kimoja cha maigizo, aliyekuja kupima nguo za waigizaji wake, alisimama mlangoni akasahau vipimo. Mwaka 1980 akamchukua.

Onyesho lake la kwanza lilimliza. Mshereheshaji alitangaza: "Dada yetu huyu masikini ni bubu, jamani, tumpe makofi ya kumtia moyo." Watu wakampigia makofi kabla hajafanya lolote. Alipoanza vituko, wakajibana, kila mtu akiogopa kuonekana anamcheka mlemavu. Yeye aliona ukumbi uliofunga midomo. Kesho yake alimwambia mkuu wa kikundi, kwa ishara na kwa kumkazia macho, kwamba hatatangazwa tena, atatokea tu. Akatokea tu, na benchi la mbele likaanguka na waliolikalia.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi wa taa wa ukumbi huo, mtu anayesikia, mpole, mwenye vidole vilivyoungua ungua. Fundi alijifunza ishara kwa kukosea. Inasemekana alipomposa, alimwomba amsaidie kubeba meza. Akakubaliwa hivyohivyo. Wakigombana, marehemu alifumba macho na ugomvi ukaishia hapo. Fundi naye akishindwa, alizima taa ya chumba. Huyu ndiye aliyegundua kilichokuwa kikimtesa mkewe: taa za jukwaani humulika mwigizaji, walio kwenye viti hubaki gizani, na asiyesikia kicheko hawezi kujua kama kipo. Basi kila watu walipocheka, fundi aliinua kidogo taa za ukumbini, marehemu akaona meno, akajua aendelee. Watazamaji hawakuelewa kamwe kwa nini ukumbi uling'aa kila walipocheka.

Kuna siku feni za ukumbi zilikuwa zimekufa na watu wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Kicheko kilipotoka fundi akainua taa, na marehemu akaona viti vyote vinapunga mikono hewani. Viziwi hupongeza hivyo. Hawapigi makofi, hunyanyua mikono na kuitikisa. Akadhani watu wanaosikia wamempongeza kwa lugha yake. Akakirudia kile kipande cha mwanamke anayefukuza kuku sebuleni. Wakazidi kujipepea. Akakirudia tena, na kuku sasa wakawa wengi kuliko mwanzo. Mwishowe fundi alitokea pembeni ya pazia akamwambia: "Mke wangu, wana joto." Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kosa lile likawa kipande chake kilichopendwa kuliko vyote. Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani alimsimamisha mumewe chini ya taa ya barabarani, akamuuliza: "Hata mmoja wa kunipungia hakuwepo?"

Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki tarehe 9 Agosti 2006. Msiba ulijaa watu, wakamkumbatia, wakamshika mabega, wakaondoka. Mafundi wa taa waliofuata waliahidi kumwinulia taa, kisha wakasahau. Aliigiza miezi kadhaa mbele ya giza, halafu akaacha. Karibu miaka miwili alikaa ndani. Waliompitia walimkuta amepiga pasi hata matambara ya kufutia vumbi. Alikuwa akila amesimama, dirishani.

Aliyemtoa ni kijana mmoja kiziwi, fundi viatu, aliyegonga sakafu ya mlango kwa mguu mpaka akafunguliwa. "Tumesikia unajua kuchekesha," alimwambia kwa ishara. "Sisi tuko saba na hatuna kazi. Tufundishe." Naye akamjibu: "Mmesikia? Ninyi?" Wakacheka wote wawili mlangoni. Mwaka 2009 alianzisha nao kikundi, wakikodi chumba juu ya ghala la saruji. Aliwafundisha kuingia jukwaani bila kuomba radhi. "Usitabasamu kabla hawajacheka," alikuwa akiwaambia. "Anayetabasamu mapema anaomba huruma." Kikundi kikapita mashuleni, viwandani, mpaka mwaka 2015 kikajaza ukumbi mkubwa kuliko wote wa mji. Kuna wazazi waliowatoa watoto wao viziwi waliowaficha ndani baada ya kumwona, na wawili kati ya watoto hao leo ni walimu.

Taa za kikundi zilishikwa na binti wa yule kaka yake wa dawati moja, aliyekuja kukaa kwa shangazi alipomaliza darasa la saba, na ndiye anayewasomea haya. Akiwa kule juu penye taa, binti aliona ambayo wengine hawakuyaona. Baada ya kila onyesho watu walipanga mstari kumsalimia Nyusi. Walimwonyesha dole gumba. Walimpigapiga begani. Yeye aliwanyooshea mikono kama anayeanza mazungumzo, nao wakatabasamu, wakapita. Mji mzima ulimfahamu, na wa kuongea naye walikuwa wale saba na binti mmoja. Hata kwa ndugu ilikuwa hivyo. Katika kila shughuli ya familia aliwekwa kiti cha mbele, akaletewa chakula cha kwanza, picha yake ikatundikwa sebuleni kwa kaka mkubwa, kisha maneno yakapita juu ya kichwa chake. Siku moja binti alimuuliza baba yake kwa nini hajifunzi ishara. "Mimi na dada yangu tunaelewana kwa moyo," alijibu. Binti akamtafsiria shangazi. Nyusi zikapanda. "Mwambie baba yako moyo wake una kigugumizi."

Mwishoni mwa mwaka 2021 aligunduliwa na saratani ya titi. Hospitali wagonjwa waliitwa kwa sauti kutoka dirishani, na mara ya kwanza alikaa kwenye benchi mpaka wasafishaji wakaanza kupiga deki miguuni pake. Jina lake lilikuwa limeitwa asubuhi. Tangu hapo binti alikwenda naye, mwanawe mgongoni. Daktari aliongea akimtazama binti: "Mwambie tutamwongezea dawa." Marehemu akagonga meza. "Mwambie mgonjwa ni mimi, na nipo hapa mbele yake." Daktari akacheka kwa aibu, akageuza kiti, akavuta barakoa kidevuni. Siku zile mjukuu wake huyo wa mgongoni, ambaye alikuwa hajatamka neno, alifumba na kufumbua kiganja akiomba maziwa kwa ishara. Shangazi alimwomba binti ampe mtoto, akampakata, wakaombana maziwa wee mpaka wauguzi wakaja kuona.

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, mikono yake ikiwa nje ya shuka kama alivyotaka iwe siku zote.

Ameacha dada mmoja, kaka wawili, watoto tisa wa ndugu zake, wajukuu, na wanakikundi ambao hawakumwita mwalimu bali walipitisha kidole juu ya jicho. Mungu ampe pumziko la wapendwao, mahali ambapo akiuliza atajibiwa.

Limebaki ombi lake moja, ambalo alimpa binti wiki ya mwisho, wodini, kwa ishara ndogo ndogo za mtu aliyechoka. Alitaka kujua mazishini watu watakaaje.

"Ndugu mbele," binti alimwambia. "Kikundi nyuma yao, shangazi. Nitasimama niwatafsirie."

"Hapana. Wachanganye. Na chakula wale hivyohivyo, ndugu mmoja, kiziwi mmoja, meza moja, mpaka mwisho. Niombee hilo kwa baba yako."

"Na wewe usitafsiri," aliongeza. "Kaa, ulishe mtoto."

Binti alihesabu ndugu kichwani, wote, hadi watoto, akaona hakuna anayejua zaidi ya maji na asante.

"Shangazi, hawajui ishara. Mtu atakaa pale afanye nini?"

Nyusi za marehemu zikatulia.

"Mwombe akae tu. Mimi nilikaa."