Evelina Akumu Odera, Aliyevunja Kufuli la Stoo

Ndugu waombolezaji, nawasomea maisha ya dada yetu Evelina Akumu Odera, mke wa Mwalimu Nathaniel Chenge, mimi mdogo wake Oyoo, kwa niaba ya familia, na nitayasoma yote, kwa sababu sehemu kubwa aliiandikisha mwenyewe kwa binti yake mwezi Desemba, akaonya kwamba watakuja watu kuomba ifupishwe, na juzi kweli walikuja.

Evelina alizaliwa tarehe 14 Mei 1969 katika kijiji cha kando ya ziwa karibu na Shirati, mkoani Mara, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Odera na Mama Agutu, wavuvi na wakulima wa mihogo, akaanza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1977, akasoma sekondari mjini Musoma kuanzia 1984 hadi 1987, na mwaka 1991 akaenda Dar es Salaam kusomea usalama wa bandarini, katika darasa la watu thelathini na mmoja ambamo wanawake walikuwa wawili.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa hapa Mwanza na kampuni inayoendesha gati la mafuta, kwanza kama karani wa ghala, na mwaka 2004 akawa msimamizi wa dharura, yaani mtu wa kuhakikisha kwamba siku mafuta yakimwagika ziwani wafanyakazi wanajua la kufanya, kushusha boti, kuvuta ule ukanda mrefu wa maboya unaozingira mafuta yasisambae, kisha kuyafyonza, na kwa kuwa aliamini mikono haijifunzi kwa kusikiliza, kila mwezi aliitisha zoezi bila kutangaza, saa ya chai au mvua ikinyesha, na baadhi ya waliokuwa wakimnunia wamekaa hapa mbele leo.

Tarehe 26 Septemba 1998 alifunga ndoa na Nathaniel, mwalimu wa hesabu kutoka Kisesa, ambaye wazee wake walishangaa kuletewa Mjaluo anayefanya kazi majini, lakini wakamzoea, hata ikafika mahali mama mkwe hakutaka mtu mwingine ampeleke kliniki, nao wakajenga hapa Buswelu, wakajaliwa watoto wawili, Jonathan mwaka 2000 na Precious mwaka 2004.

Sasa tunafika pale tulipoombwa turuke. Mwezi Novemba 2016 mazoezi yalikuwa yamesimama miezi mitano, kwa maelezo kwamba yanachelewesha meli, na wakaguzi walipokaribia, mkuu wa gati wa wakati huo alimletea Evelina taarifa ya mazoezi matano ambayo hayakufanyika, akamwambia asaini, ni karatasi tu. Evelina aliisoma yote akiwa amesimama, akairudisha mezani.

"Nitasaini siku tukishuka majini," alisema.

Wiki iliyofuata alihamishiwa getini kuandika namba za magari, na huko alikaa zaidi ya miaka miwili, akiandika namba kwa mwandiko ule ule mzuri, na ni mumewe peke yake aliyejua kwamba jioni alikuwa akifika nyumbani na kuketi kwenye ngazi za jikoni muda mrefu bila kuvua viatu. Lakini hakukaa bure, kwani kila Jumamosi alikwenda kwenye mwalo wa wavuvi, jirani na gati, kwa Mama Sabina Luhende, msemaji wa waanika dagaa, akawafundisha yeye na wenye mitumbwi namna ya kuzingira mafuta, wakitumia kamba na madumu matupu, na watu wa ofisini wakamcheka kwamba amefungua shule ya madumu.

Jumanne tarehe 9 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, mpira wa kupakulia mafuta ulipasuka meli ikiwa gatini, dizeli ikamwagika ziwani na upepo ukaanza kuisukuma kuelekea mahali yanapovutwa maji ya bomba, na ule ukanda wa maboya ulikuwa umefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Evelina aliacha geti, akachukua mtaimbo, akavunja kufuli mbele ya wakubwa waliokuwa bado wanapiga simu, kisha akampigia Mama Sabina, ikaja mitumbwi kumi na moja, na ilipofika saa saba mchana mafuta yalikuwa yamezingirwa, hayakufika kwenye maji tunayokunywa.

Siku ya tatu alipewa barua ya kujieleza, kwa kuharibu mali ya ofisi na kutoroka lindo, naye akajibu kwa mstari mmoja ambao ametuagiza tuusome kama ulivyo: "Ni kweli nimevunja kufuli, na mkilifunga tena nitalivunja tena."

Uchunguzi ulifanyika, mkuu yule akaondoka, na mwezi Agosti Evelina akaombwa arudi kwenye nafasi yake, akarudi kwa masharti mawili, kwamba stoo ile isifungwe kufuli, na kwamba watu wa mwalo wawemo katika kila zoezi, na yote mawili yalikubaliwa.

Alianza kuumwa tumbo mwezi Julai 2024, Hospitali ya Bugando ikagundua saratani ya ini, akatibiwa huku akiendelea kwenda gatini hadi miguu ilipokataa, na akafariki Jumapili tarehe 11 Januari 2026, saa kumi alasiri, mikononi mwa Nathaniel, akiwa na umri wa miaka 56.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Buswelu ambao hawajazima moto wa jikoni tangu Jumapili, na watu wa mwalo. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake, ambao Alhamisi walikuja kuuliza kama zoezi la mwezi huu liahirishwe kwa ajili ya msiba, Precious akawajibu kwamba mafuta hayasubiri matanga, wakarudi gatini, wakapiga king'ora, wakashuka majini na mitumbwi ya Mama Sabina, na leo wamekuja kumzika wengine wakiwa bado na dizeli ya boti kwenye kucha.

Dada Evelina, amani ya Bwana iwe nawe unapopumzika.