Mapaa, Kuta na Mwalimu Ciakuthii

Mgeni rasmi, Bwana Ndwiga, Afisa wa Mafunzo ya Ufundi wa Mkoa, uliyeliacha joto la Embu ukaja kutetemeka pamoja nasi, Chifu wetu, meneja wetu, Bwana Kithinji, walimu na wazazi: twawasalimu nyote kwa heshima.

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi thelathini na wanne wa Chuo cha Ufundi cha Ruguta, hapa Kibirichia, tumefurahi mno kukuona. Ukisikia upepo kwenye visigino, tuwie radhi. Huo ni wa mlimani na hautambui cheo cha mtu. Viazi vinachemka, na yule mbuzi aliyekuwa akikupigia kelele ulipofika sasa ametulia, utakutana naye baadaye.

TULIKOTOKA

Chuo hiki kilianza mwaka wa 1974 kikiwa na mabenchi mawili na msumeno mmoja wenye mapengo. Tukaletewa fundi mwenye cheti kizuri. Alikaa mihula miwili, baridi ikamshinda, akaaga. Ndipo kamati ikaenda kwa Ciakuthii, mke wa Mzee Mbaka.

Mgeni rasmi, huwezi kujua kamati ilivyojikaza kufika mlangoni kwake mpaka usikie ya mwaka wa 1968. Kwetu mwanamke hakupanda juu ya paa la mumewe. Ulikuwa mwiko mkubwa. Basi mvua ya Aprili ikang'oa bati la Ciakuthii, Mzee Mbaka akiwa amelazwa hospitali kule Nkubu, na maji yakawa yanamwagika kwenye kitanda cha watoto. Alimwomba jirani wa kwanza, akaambiwa kesho. Wa pili, kesho. Wa tatu naye alikuwa na kesho yake. Siku ya nne akaegemeza ngazi, akafunga leso kiunoni, akapanda.

Wazee walimwita, wakamtoza kondoo wa kutakasa boma. Ciakuthii akamtoa bila kubishana. Kisha akarudi juu, maana upande wa pili ulikuwa bado haujaisha. Mwaka uliofuata, mzee yuleyule aliyesimamia kesi alipita nyuma ya shamba la viazi asionekane, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumtazamia paa lake. Linavuja, akasema, kidogo tu.

TULIYOJIFUNZA

Tulipokuja hapa tulidhani ufundi ni kupiga nyundo kwa nguvu. Siku ya kwanza Mwalimu Ciakuthii alitunyang'anya nyundo zote.

"Maji haina haraka," alituambia, "na haina adabu. Itaingia hata kwa Chifu." (Chifu, tusamehe. Tunasoma kama alivyosema.)

Alitufundisha kwamba msumari wa bati hukaa mgongoni mwa wimbi la bati, kwa sababu maji hupita bondeni. Wengi hapa kwetu hupigilia bondeni kwa kuwa huko bati hugusa mbao na msumari huingia kirahisi. Halafu hulalamika kwamba mabati ya siku hizi ni mabovu. Na paa likivuja, usiangalie juu ya sufuria uliyokingia. Tone huingia mbali, likateremka kwenye boriti na kuanguka panapolifaa. Fuata boriti kuelekea juu mpaka uone njia yake. Tundu la zamani usilipige msumari mnene zaidi, weka kipande cha tyubu na lami.

Kuta ndizo ugonjwa wetu hasa. Ifikapo Julai, watu wa Kibirichia hurundika udongo kwenye mbao za nje ili kuzuia upepo, na kwa ndani huegemeza magunia ya viazi. Nyumba hupata joto mwaka huo, na baada ya miaka mitatu mbao zimeoza miguu. Mwalimu amezunguka boma kwa boma akiondoa udongo huo kwa jembe lake mwenyewe, huku wenye nyumba wakimlilia baridi. Nyufa huzibwa kwa fito, kwa ndani, na chini ya mbao hupangwa mawe. Nyumba arobaini na moja zimesimama kwa sababu ya jembe hilo, nasi tumezihesabu.

Kuna methali inayosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu anaiheshimu, lakini anasema kwanza uulize ufa unataka nini. Hupaka plasta nyembamba juu yake na kungoja mwezi mzima. Plasta ikikatika, ukuta bado unatembea, nawe utafute maji yanayochimba msingi. Isipokatika, ziba ulale.

Na mlango ukivimba kwa mvua, tazama bawaba kabla ya kushika randa. Mwenzetu Mutugi alikuwa na haraka. Aliranda mlango wa mama yake mwezi wa Aprili, ukafunga vizuri sana. Kufika Septemba mbao zilikuwa zimekauka, na kuku wakawa wanaingia bila kubisha.

"Ulikuwa unakata mvua, si mlango," Mwalimu alimwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alienda naye kuongeza ubao.

Tunajivunia mwalimu huyu, mgeni rasmi. Tunampenda, na hatuoni haya kulisema mbele ya watu.

TATIZO LETU

Mwezi wa Mei barua ilibandikwa ubaoni. Kuanzia Januari, hakuna atakayefundisha bila kupita mtihani wa serikali, na sehemu ya mtihani huo huandikwa. Hatuipingi sheria hii. Tumetengeneza nyumba nyingi zilizoharibiwa na waliojiita mafundi.

Bwana Kithinji alimpa Mwalimu fomu. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akasema, "Nitajaza." Juni ikapita, Julai ikapita. Agosti akatuambia kwamba magoti yamechoka, na mwaka ukiisha atarudi kwa viazi vyake. Siku hiyohiyo alibeba mbao mbili begani, akapanda nazo hadi kileleni mwa paa la jiko, akashuka akiimba.

Magoti yake ni mazima.

OMBI LETU

Tuliandika maombi sita. Tulihitaji misumeno, vioo vya madirisha na mambo mengine. Tumeyafuta matano ili hili moja lisipate kisingizio cha kusahaulika.

Tunaomba Mwalimu Ciakuthii atahiniwe kwa mdomo na kwa mikono. Asomewe maswali, ajibu. Mtahini achague nyumba yoyote ya hapa, hata ile mbovu kuliko zote, apande naye ngazi, amwone akifanya kazi. Akishindwa, tutakubali.

Tunaomba hivyo kwa sababu Mwalimu wetu hajui kusoma.

Tuliligundua muda mrefu uliopita. Katika darasa la kwanza kabisa, dada yetu Igoki alimpa orodha kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kwa bahati mbaya ikiwa juu chini. Mwalimu aliikazia macho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, iko yote." Hakuna aliyecheka. Wakati wa chai wanafunzi wale walikubaliana kwamba kila karatasi ikija, mmoja wao ataisoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Kila darasa linaloondoka hulirithisha linaloingia jukumu hilo. Haya ni madarasa kumi na mawili sasa, na hadi asubuhi ya leo hakuna aliyetoboa siri.

Mwalimu, tunakuona pale nyuma, karibu na mlango. Tusamehe. Tulipiga kura, na iliuma. Tusingesema, ungeondoka Januari ukisingizia magoti, nasi tungekaa kimya kwa heshima mpaka tukupoteze. Ulidhani kwamba siri ikijulikana heshima yetu kwako itapungua. Tulijua siku zote, na siku zote tulikuwa tukiwaambia mama zetu kwamba sisi tunafundishwa na fundi.

Tafadhali usitoke nje. Kaa, Mwalimu.

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya, akulindie nyumba yako, na akurudishe Embu salama ukiwa umeshiba.

Ni sisi wako watiifu,
Wanafunzi wa Mwalimu Ciakuthii,
Chuo cha Ufundi cha Ruguta, Kibirichia.

Imesomwa na Kaari, kwa niaba ya wote, Oktoba 1987.