Mtani Hajatoka Msibani

Mheshimiwa mgeni rasmi, wachungaji wetu, wazee mliorudi kutoka vita vya Kagera, na ninyi ndugu zangu wa Nanyala mlioitikia wito wa mashujaa na harufu ya pilau, hamjambo?

Naitwa Tabita, binti wa Jairo, ambaye jina lake lipo chini kabisa ya jiwe tulilolifunua sasa hivi. Inameni kidogo, mtaliona. Lile la juu, la herufi kubwa za dhahabu, ni la mgeni rasmi. Tunamshukuru. Kutoka Vwawa hadi hapa kwa gari lenye kiyoyozi nako si vita vidogo.

Jiwe linasema baba hakujua hofu. Sijui nani kawaambia. Mimi nilizaliwa yuko vitani, akabaki hukohuko, na habari zake zote nimezipata kwa huyu mzee Nathanaeli, mtani wake, aliyeondoka pamoja naye akarudi peke yake. Kwa masimulizi ya Nathanaeli, baba aliiba ndizi mbichi akaharisha siku nzima. Aliogopa vyura kuliko mabomu. Alisinzia lindoni, akaota anachuma kahawa, akaamka kofia ya chuma imejaa majani. Kila msimu tukichambua kahawa uani, mzee alikuja na kisa kingine. Mama alimfukuza kwa mwiko, kisha akamwita, "Haya rudi, malizia, mwongo wewe!"

Mimi nilikuwa nanuna. Nani anapenda baba yake achekwe? Hadi nilipokwenda msibani Isansa, nikamwona mtani amevaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, wafiwa wanacheka huku wanalia. Hapo nikaelewa. Sisi hatukuletewa jeneza, matanga hayakuanuliwa, na mtani wa baba yangu miaka yote hii bado yuko msibani, anafanya kazi yake.

Asubuhi ya leo ameniambia, "Mwanangu, serikali imeshaandika shujaa. Nikiendelea kumcheka nitaonekana sina adabu. Nanyamaza."

Mheshimiwa, ratiba inasema sasa ni zamu yako. Naomba usubiri kidogo. Mzee Nathanaeli, usinyamaze, nakusihi. Mama hayupo tena wa kukuita urudi, basi nakuita mimi. Huyo wa kwenye jiwe simjui. Baba yangu ni yule mwizi wa ndizi, na hana mahali pengine pa kuishi ila mdomoni mwako.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mzee, kipaza sauti hiki hapa. Anzia kwenye vyura.